Bagamoyo si pambo la jalada

Kikitoka kitabu kuhusu Bagamoyo, mara nyingi jaladani unakuta nini? Mchoro wa Mzungu wa karne ya 19: minazi imeinama, jahazi limetulia, watu wadogo kama siafu mchangani. Nasi wapenda vitabu tunasema, "Aah, pwani ya zamani hiyo!" Kisha tunatoa hela.

Mimi napinga. Michoro mingi ya aina hiyo ilichongwa kwenye karakana za London na Paris, kwa kufuata vielelezo vya msafiri au picha za kamera. Mchongaji mwenyewe mara nyingi hakuwahi kukanyaga pwani yetu. Sisemi ni uongo mtupu. Ni tafsiri ya tafsiri. Shairi lililotafsiriwa hivyo tungelitilia shaka. Mbona mji tunaupokea hivi hivi?

Nenda ufukweni Bagamoyo maji yakipwa. Pwani haina kina, bahari inarudi nyuma mbali, vyombo vinabaki vimelalia mchanga. Shuka hadi Kaole uone mikoko ilivyoziba palipokuwa bandari. Lakini mchoro hupenda maji yaliyojaa, maana ndiyo yanayopendeza. Na wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara, na watumwa waliovushwa kwenda Unguja? Humo wote ni vidoa vya wino.

Najua mtaniambia: "Sasa tufanyeje, ndugu, kumbukumbu nyingine hatuna." Si kweli! Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku huku Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili habari za ndoa, ngoma, utumwa na mambo chungu nzima ya watu wake. Maandishi hayo yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Na hata huko, aliyetajwa kuwa mkusanyaji ni Mjerumani, Carl Velten. Mnaona mchezo ulivyo? Mwenyeji anaandika, mgeni anawekwa mbele. Leo tunaurudia wenyewe, tena bila kulazimishwa na mtu.

Sidai michoro ichomwe moto. Iwekwe ndani ya kitabu, na chini yake tuambiwe nani alichonga, wapi, na kwa kufuata nini. Asipojulikana, tuambiwe hivyo hivyo. Ila mlangoni asimamishwe mwenyeji: jina la Mtoro liandikwe kwa herufi kubwa, na maneno yake yatangulie.