Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Neno kwa Vijana Wapendao Anime

Jioni moja nilipumzika katika bustani ya Nyerere Square, katikati ya jiji letu la Dodoma, jirani na vijana wanne waliokuwa wamezunguka simu moja. Walikuwa wakitazama anime, zile katuni za Kijapani ambazo wazazi wengi hudhani ni mambo ya watoto wadogo. Mmoja akasema kwa huzuni kwamba zilizo bora zimekwisha kutengenezwa, na kwamba za siku hizi zimejaa rangi na vishindo lakini hazimgusi mtu. Mwenzake akakataa katakata. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Nilifurahi kusikia vijana wakipima ubora wa kazi ya mikono, lakini lile neno "zimekwisha" nilirudi nalo nyumbani, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Kijana yule hakusema upuuzi. Siku moja ya Aprili mwaka 1988, majumba ya sinema ya Japani yalifungua filamu mbili za studio moja kwa pamoja: My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Mwaka huohuo ikatoka Akira ya Katsuhiro Otomo. Mwaka 2001 Miyazaki akatoa Spirited Away, ambayo mwaka 2003 ilipata tuzo ya Oscar. Aliyekulia kwenye kazi kama hizo ana haki ya kuona vingine vyote ni makapi.

Hata hivyo, msiba huu wa anime umetangazwa mara nyingi na maiti haijaonekana. Mwaka 2013 Miyazaki mwenyewe alitangaza kwamba anastaafu kutengeneza filamu ndefu. Wapenzi wake wakaomboleza, wakasema zama zimefungwa. Miaka kumi baadaye mzee huyo akatoa The Boy and the Heron, na Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 83, akapata Oscar nyingine. Wale waliokwisha kuzika walilazimika kufukua.

Basi swali la kama anime imepita kilele chake tuliulizeje? Mimi nasema tusihesabu filamu bora za mwaka huu na za mwaka ule. Tutazame kama fundi ana mwanafunzi. Sanaa yenye mwanafunzi haijafika mwisho, hata ikipita kipindi cha ukame. Sanaa isiyo na mwanafunzi imekwisha, hata kama leo inashangiliwa dunia nzima. Ushahidi wa jambo hili haututaki tupande ndege kwenda Tokyo. Uko hapahapa katika nyanda zetu za kati.

Nenda Kolo, wilayani Kondoa. Kwenye miamba ya huko kuna watu wembamba warefu, twiga, tembo na pofu, waliochorwa kwa rangi nyekundu na mikono ambayo majina yake hatuyajui. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alifika kunakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mnyama wa Kolo ukimtazama vizuri utadhani anataka kukimbia. Wachoraji wale waliujua mwendo kabla ya sinema kuzaliwa. Lakini kamba iliyomuunganisha mwalimu na mwanafunzi ilikatika. Michoro tunayo, watu bado hufika kwenye miamba ya Mungomi kwa matambiko, ila fundi wa kuendeleza kazi hatuna. Hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba kilele kimepita.

Sasa sikiliza upande wa pili. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapahapa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ala zake za zeze na ilimba zikasikika Ulaya na kwingineko. Alipofariki tarehe 30 Desemba 2003, ungeweza kudhani muziki wa Kigogo umezikwa naye. Haukuzikwa, kwa sababu alikuwa amefundisha. Katika ukoo wake wanawake walizoea kuitikia na kupiga ngoma huku wanaume wakiongoza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao iitwayo Maisha, wakiongoza wao wenyewe kwa jina la The Zawose Queens. Sauti ni ileile ya nyumbani, na njia ni mpya.

Kwa kipimo hicho rudi Japani. Katika katuni za mkono, fundi mkuu huchora mwanzo na mwisho wa tendo, na mwanafunzi huchora picha zote za katikati ili mkono uonekane ukiinuka. Kazi hiyo ya katikati ndiyo shule yenyewe. Leo sehemu kubwa yake hupelekwa nchi za nje ili kupunguza gharama, na kijana wa Kijapani anayeifanya mara nyingi hulipwa kwa picha, malipo haba yasiyotosha hata pango la chumba. Wengi huacha kazi kabla ya kuiva. Nikiulizwa hatari ya anime iko wapi, nitajibu iko hapo. Dawa yake pia inajulikana. Kyoto Animation iliwaajiri wachoraji wake kwa mshahara na kuwafundisha ndani ya nyumba yake. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma moto studio hiyo na watu 36 wakafa. Mwaka uliofuata ikatoa filamu ya Violet Evergarden, kazi safi kabisa. Nyumba iliyofundisha watu ilipata wa kuinuka nao.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo analielewa jambo hili la kuinuka baada ya pigo kuliko mhakiki yeyote. Akishavuna huupogoa mzabibu mpaka mgeni adhani umekufa. Kisha huchipua, na mwaka mmoja humpa mavuno mawili. Mzabibu ulioachwa bila mkono wa kupogoa ndio unaogeuka kichaka.

Kwa hiyo, vijana wangu wa Nyerere Square, nawaombeni. Msimalize bando na ujana wenu katika kubishana ni mwaka gani Wajapani walikuwa bora. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nunueni daftari na penseli. Chukueni tendo dogo la hapa kwetu, mama anayepiga ngoma ya muheme au mchungaji anayeruka korongo, mlichore picha kumi na mbili mpaka litembee. Msiseme haiwezekani kwetu. Tangu 2014 watoto wetu wanajifunza hesabu kwa Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam. Mwaka 2023 Waafrika walitoa mkusanyiko wa filamu kumi za katuni wenye jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na humo wamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Jina ni la lugha yetu. Mbona mkono wa Mtanzania usiwemo safari ijayo?

Nanyi wazazi, mtoto akichora ukutani mpeni karatasi kabla ya kumpa kofi. Walimu, kipindi cha sanaa msikigeuze cha kufidia hesabu. Watawala mlioyahamishia makao hapa Dodoma, pamoja na barabara na majengo, tujengeeni chumba kimoja chenye meza za kuchorea, na mwalimu mwenye mshahara. Wachoraji wa Kolo hawakuwa hata na hivyo, na kazi yao bado tunaipanda mlima kwenda kuitazama.

Hukumu yangu ni hii: anime haijafika kileleni maadamu kuna kijana wa Kijapani aliyekaa leo kando ya fundi wake. Sisi wa nyanda za kati tuna miamba iliyochorwa na hatuna wachoraji wa kutosha. Deni hilo ni letu, na kulipa kunaanza na penseli moja.