Kelele ya osileta haiondolewi na programu

Niko nyumbani Kilungu, huku milimani, na leo nina ugomvi na sisi waandika programu.

Kila nikilalamika kwamba redio yangu ya USB ina kelele, jibu ni lile lile: "Andika kichujio kizuri zaidi." Nina digrii ya kompyuta, na nilipoteza wikendi tatu nikiandika hicho kichujio. Upuuzi mtupu!

Sikiliza. Usiku mmoja, kwenye 7185 kHz, nilisikia mtu wa redio ya ridhaa akianza kujitaja: 5H, yaani Tanzania. Halafu nikampoteza. Katika kanda yetu masafa ya ridhaa yanaishia 7200 kHz, na papo hapo yanaanza ya stesheni za utangazaji. Moja ilikuwa ikinguruma kwenye 7205.

Osileta haitoi wimbi moja safi. Mpigo wake unayumbayumba, kwa hiyo pembeni mwake kuna ukungu wa kelele. Ndani ya mikisa, ukungu huo unachanganyika na ile stesheni kubwa na kumwagika juu ya Mtanzania wangu. Tuseme kelele hiyo, ukisogea 20 kHz, iko desibeli 120 chini ya wimbi la osileta kwa kila hezi. Kwa upana wa 3 kHz, kinachoingia ni desibeli 85 tu chini ya lile jitu. Mnyonge akiwa chini ya hapo, kwisha habari.

Sasa niambie, kodi yako (si ile ya KRA) itaondoaje kitu kilichokwisha kuingia kwenye chaneli ile ile kabla ya kugeuzwa tarakimu? Hata kichujio cha kawaida cha kwenye antena hakisaidii, 20 kHz ni karibu mno.

Dawa iko kwenye osileta yenyewe. Weka kristali nzuri, ilishe kwa betri badala ya umeme mchafu wa USB. Na ukiweza, iendeshe kwa 28.74 MHz kisha ugawanye kwa 4: unapata 7185 kHz, na kelele inashuka kama desibeli 12, mradi kigawanyaji chenyewe kisipige kelele. Ukizidisha masafa, unaiongeza.

Nilimuuliza muuzaji mmoja kuhusu kelele ya osileta ya kidubwasha chake. Akanionyesha rangi za masafa zikiteremka kwenye skrini. Zilipendeza kweli, sibishi.