Dawa ya kusafisha enjektere: shida iko ndani ya bidoni

Kila mara esanse inapopungua kwenye stesheni za Goma na Bukavu, mashofere wananunua kwa kadhafi, wale wa bidoni kando ya barabara. Kisha taksi inaanza kukohoa kwenye mlima, na shofere anakimbilia kichupa cha dawa ya kumwanga ndani ya tanki.

Dawa yenyewe si uongo. Ni kama sabuni: inalegeza uchafu ulioganda kwenye enjektere. Lakini haitoi mchanga, wala haigeuzi petroli ya taa kuwa esanse. Maji mengi nayo haiyawezi. Tena kwenye gari ya zamani inaweza kung'oa uchafu wa tanki, filtre ikaziba. Hapo shofere amelipa mara mbili, na bosi anangoja pesa yake jioni.

Kubadilisha filtre kwanza ndiyo kazi yenye faida. Na kupima mbele ya kununua: esanse ikitulia ndani ya chupa inayoonyesha, maji yanashuka chini. Petroli haionekani hivyo. Tone moja kwenye karatasi: esanse safi inakauka, petroli inaacha doa la mafuta.