Majumba ya Benki Yanayohamwa Yawafae Vijana wa Kisumu

Tangu watu waanze kutumiana pesa kwa simu humu nchini mnamo Machi 2007, mabenki kadhaa yamefunga baadhi ya matawi yao, na wapo wananchi wengi ambao humaliza mwaka bila kukanyaga benki. Hayo yamezungumzwa sana. Lisilozungumzwa ni majumba yenyewe: benki ikishahama, jumba lafanywa nini? Mara nyingi hukatwakatwa kwa mbao likawa vijiduka vya simu na mitumba, au hubomolewa. Sisi twaonelea kwamba mjini Kisumu iko njia iliyo bora.

Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, bandari hiyo ikiitwa Port Florence, pamba, ngozi na simsim vya Nyanza vilipata soko la mbali, na katika miaka ya 1930 wakaja wasaka dhahabu wa Kakamega. Fedha zikataka pa kuwekwa. Lakini Mwafrika hakujengewa majumba hayo. Kwa sheria ya wakoloni, deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali, basi benki gani ingejisumbua kumkopesha? Ndiyo sababu mojawapo Marehemu Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha shirika lao la akiba na biashara, Luo Thrift, katika miaka ya 1940. Mjukuu wa yule aliyepita nje ya mlango huo akiingia leo kupiga nyatiti ndani, hatuoni kosa.

Wala watu wa huku si wageni wa kujijengea kumbi. Diwani Ambrose Ofafa alipouawa Nairobi mwaka 1953, Waluo walichangishana kote Afrika Mashariki, na Ukumbi wa Ofafa ukasimama Kisumu kwa senti zao wenyewe. Vyama vya kikabila vilivunjwa mwaka 1980 kwa amri ya serikali, na hatutaki kuvifufua. Twakumbusha tu kwamba ukumbi ule ulikuwa na wenyewe.

Vijana wa Nyalenda, Manyatta na Obunga leo wanachangishana wapi? Mtoto akikosa karo, au mwenzao akifariki na jeneza halijalipwa, mara nyingi mchango hufanywa kwa disko matanga, muziki ukilia usiku kucha kiwanjani kwa wafiwa. Wakuu wa serikali wamelipiga marufuku mara nyingi, nasi twajua kwa nini: wasichana wameharibiwa katika giza hilo. Lakini anayepiga marufuku sharti aonyeshe mahali pengine. Harambee ya Jumamosi mchana, ndani ya jumba lenye taa, choo na bawabu, katikati ya mji ambako matatu zote hufika, haiwezi kulinganishwa na ile ya kiwanjani.

Hata hivyo, jumba la benki lina ukaidi wake. Lilijengwa ili kuzuia watu, na ukumbi hutaka kuwapokea. Mlango wa mbele huwa mmoja, madirisha yana nondo, vyoo viwili vitatu vya makarani. Kabla ya ngoma kupigwa humo, milango ya dharura sharti itobolewe na nondo zifunguke kwa ndani. Watu mia tatu wakikimbilia mlango mmoja ni maafa. Sakafu ngumu na dari ya juu hurudisha mwangwi hata maneno yasisikike, ingawa mapazia mazito na mikeka husaidia. Chumba cha hazina kisipangishwe kamwe kwa mikutano, kwa kuwa hakina hewa. Lakini kwa kuhifadhi ngoma, vipaza sauti na sanduku la mchango, nani atapata pazuri kuliko hapo? Kaunta ya zamani iachwe. Ni nzuri kwa kuuzia chai.

Mifano iko. Nairobi, jumba la sinema la Shan pale Ngara lilichukuliwa na Sarakasi Trust, likawa mahali pa mazoezi na maonyesho ya vijana wa sarakasi na dansi, wakati sinema nyingine nyingi zilipogeuka makanisa. Unguja, chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilikaa miaka mingi katika jumba la zamani la forodha, kikafunza taarabu kwa vijana wengi wasio na uwezo wa kulipa. Lakini mwaka 2019 chuo hicho hicho kilitangaza kwamba kilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Jumba zuri halilipi umeme. Kwa hiyo arusi na semina za makampuni zilipishwe bei kamili siku za juma, ndipo vijana wapate Jumamosi zao kwa bei ya kufagia.

Tena pasiwe na ahadi za mdomo. Kikundi kikipewa jumba bila mkataba wa miaka mingi, kitapaka rangi, kitatengeneza paa, kisha mwenye jumba ataliona linapendeza na kulitaka. Serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo yenye kutoa vibali vya ujenzi, yaweza kuanza bila gharama kubwa: iorodheshe majumba ya zamani ya Barabara ya Oginga Odinga na mitaa ya jirani, iandike ya nani na yapi hayana mtu, na yale yanayostahili iombe yatangazwe kuwa turathi chini ya sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, kabla mwenye tingatinga hajafika.