Ekrani ya nyumba: tusinunue kwa macho tu



Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wanadhani ni kazi ya wanaume: kununua ekrani ya ordinateri. Lakini ni sisi tunaotoa pesa, na ni sisi tunaosimama mlangoni usiku tukiuliza mtoto yuko wapi. Mtoto yuko kwenye nyumba ya michezo, anamaliza franka za mkate.

Kwetu, zamu yetu ya likelemba ilipofika, tulisema: afadhali kijana achezee hapa nyumbani, na dada yake apate mahali pa kuandika kazi za shule. Tukaona ekrani moja ya okazioni, kubwa, inang'aa. Umeme haukuwepo siku ile, basi hatukuiwasha. Tukalipa. Kufika nyumbani, mgongoni ilikuwa na tundu moja tu, lile la zamani la VGA, na mashine ya mchezo ya kijana inatumia HDMI peke yake. Tukanunua kigeuzi. Picha ikaja na mstari mweusi katikati, sauti haikuja kabisa. Muuzaji akasema kilichouzwa hakirudi. Pesa ya zamu nzima! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tulichojifunza kwa machozi, tunawagawia bure.

Kwanza, anza mgongoni. Tafuta tundu la HDMI, maana linapitisha picha na sauti pamoja. VGA inapitisha picha tu. Uliza kama ekrani ina sauti yake. Nyingi hazina, na hapo utahitaji spika ndogo.

Pili, ukubwa. Inchi hupimwa toka pembe moja hadi pembe ya kinyume. Inchi 22 au 24 zinatosha meza ya nyumbani. Ya 24 ina upana wa sentimita 53 hivi, basi pima meza yako kabla ya kutoka. Uliza kama inaonyesha nukta 1920 kwa 1080. Ikiwa hivyo, maandishi ya shule yatasomeka vizuri na mchezo utaonekana safi.

Tatu, vijana watakuambia: «Mama, tununue ya Hz 144!» Hz ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde moja. Kama ordinateri yenu ni ya zamani na inatoa picha 40 tu kwa sekunde, ekrani ya 144 haitaongeza kitu. Ya 60 au 75 inatosha masomo, filamu na michezo mingi. Dola zinazobaki ziende kwenye minervali.

Nne, simama kando. Rangi zikigeuka au zikififia ukiitazama toka upande, ni kioo cha aina ya TN, cha bei ndogo. Kile kinachoitwa IPS kinabaki na rangi zake, na watoto watatu wanaweza kutazama pamoja.

Tano, iwashwe mbele yako, dakika kumi. Omba ukurasa mweupe wote, kisha mweusi wote. Mistari na madoa yatajionyesha yenyewe. Hakuna umeme? Usilipe. Rudi kesho. Na dai karatasi yenye jina la duka, tarehe na siku za garanti.

Sita, umeme wenyewe. Sisi wa Likasi tunaishi karibu na Mwadingusha na Koni, ambako maji ya Lufira yanazungusha mashine tangu zamani za wazee wetu, lakini giza tunalijua. Umeme unaporudi kwa nguvu, unaunguza. Ukikatika tu, ondoa kable kwenye prizi. Ukirudi, ngoja kidogo. Soma pia wati nyuma: ekrani ya LED ya inchi 22 hutumia kama wati 20 au 30, lakini zile nene za zamani zinaweza kupita 70.

Ekrani peke yake hailei mtoto. Kwetu tumeweka sheria: kazi ya shule kwanza, mchezo baadaye. Zamu ya binti hainyang'anywi kwa sababu kaka yake ana mechi. Na kila dakika 20, macho yatazame mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20, yapumzike.

Tulingoja zamu nyingine ya likelemba, tukapata ya inchi 22, imetumika, lakini nzima. Kijana bado anatoroka siku nyingine, hatutawadanganya. Ila siku nyingi tunasikia kelele zake ndani ya nyumba, na tunajua yuko wapi.

Mama, ukienda kununua, usiende peke yako. Chukua mwenzako mmoja wa kikundi, na kable ya HDMI ndani ya mfuko.

Tubaki na amani hadi juma lijalo.