UCHAMBUZI: Ulaini wa maji ya Nakuru usituhadae

NAKURU ilipotunukiwa hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, na kuwa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ilirithi pia majukumu ya jiji. Kubwa miongoni mwayo ni kuwapa maji watu zaidi ya nusu milioni. Kwa kawaida, mjadala wa maji katika miji yetu huishia kwenye swali moja: je, yanatosha? Lipo swali la pili ambalo huko Nakuru lina uzito sawa na hilo: je, maji hayo yamebeba nini?

Wengi wetu hupima maji kwa macho, kwa ulimi na kwa sabuni. Mkazi wa Pwani anayeteka maji katika kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya matumbawe anaijua vyema adha ya maji magumu. Sabuni haitoi povu upesi, birika hujenga ukoko mweupe, nazo nguo hupauka mapema. Ugumu huo husababishwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ni kero kwa vyombo na kwa mfuko, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kikomo chochote cha kiafya kuhusu ugumu wa maji.

Mkazi huyo akihamia Bonde la Ufa huenda akadhani amepata nafuu. Maji ya visima vingi vya huko ni laini, hutoa povu kwa sabuni kidogo, na birika hukaa muda mrefu bila ukoko. Hapo ndipo penye mtego.

Maji ya chini ya ardhi katika eneo hilo hupita kwenye miamba na majivu ya volkano, na njiani huyeyusha floraidi. Kule ambako maji yana kalsiamu nyingi, madini hayo mawili huungana na sehemu ya floraidi hubaki ardhini. Katika Bonde la Ufa, ambako maji yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, floraidi hukosa wa kuishika, ikabaki majini hadi kwenye mtungi wa mnywaji. Kwa hivyo sababu ile ile inayoyafanya maji yawe laini ndiyo inayoipa floraidi nafasi ya kujikusanya. Hii haimaanishi kuwa kila maji laini yana floraidi, kwani maji ya mvua ni laini kuliko yote na karibu hayana floraidi kabisa. Ninachosema ni kwamba povu la sabuni si cheti cha usalama.

Floraidi yenyewe si adui. Kiasi kidogo huimarisha meno dhidi ya kuoza, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Madhara huanza kiasi kinapozidi. WHO imependekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji, na Kenya inatumia kikomo hicho hicho. Mtoto akinywa zaidi ya hapo mwaka baada ya mwaka, meno yake ya kudumu, ambayo wakati huo yangali yanaundwa ndani ya ufizi, huathirika. Yanapoota, huwa na mabaka meupe, au rangi ya hudhurungi, na katika hali mbaya zaidi humeguka. Kwa wanaokunywa kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa na kuuma.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba muda wa kuzuia madhara ya meno ni mfupi. Mtoto akishapita takriban miaka minane, meno mengi ya mbele yameshaundwa, na doa lililoingia haliondoki kwa mswaki. Serikali inaweza kuchelewesha barabara kwa miaka kumi kisha ikaijenga. Mtoto aliyekunywa maji hayo kwa miaka kumi hawezi kurejeshewa meno yake.

Tatizo hili pia haliondolewi na mbinu tunazozitegemea nyumbani. Kuchemsha maji huua viini, lakini floraidi haipandi na mvuke, na maji yakipungua sufuriani kiwango chake huongezeka. Klorini nayo haiigusi. Aidha, wengi hutia magadi katika maharagwe au githeri ili viive upesi, na magadi yenyewe huwa na floraidi.

Tiba zipo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, mbinu inayofaa mradi makaa hayo yabadilishwe au kufufuliwa kwa wakati. Vipo pia vituo vya kuuza maji yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia madini. Maji ya mvua ni njia nyingine. Hata hivyo, zote zina gharama, iwe ni chujio, tangi au bei ya kila mtungi. Mwenye kipato huko Milimani ataimudu. Kibarua wa Kaptembwa au Rhonda atawapa wanawe maji yaliyo karibu.

Suluhisho la jiji zima ni kuongeza maji ya mito, ambayo kwa kawaida yana floraidi kidogo, na kuyachanganya na ya visima. Hilo lilikuwa tumaini lililowekwa kwa bwawa la Itare, eneo la Kuresoi. Ujenzi wake ulikwama mwaka wa 2018 mwanakandarasi kutoka Italia, CMC di Ravenna, alipokumbwa na matatizo ya kifedha. Miaka ilipita bila tone la bwawa hilo kufika mjini, na jiji likaendelea kuegemea visima.

Lakini kuna hatua isiyongoja bwawa, nayo ni kumwambia mwananchi ukweli kuhusu maji anayokunywa. Bili humweleza mteja kiasi alichotumia na pesa anazodaiwa, lakini haimwelezi kiwango cha floraidi. Hata Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB), inapozipanga kampuni za maji kwa ubora katika ripoti zake za kila mwaka, imekuwa ikitumia vipimo viwili: klorini iliyosalia majini na uwepo wa bakteria. Vipimo hivyo ni muhimu, kwani kipindupindu huua kwa siku chache. Hata hivyo, kampuni inaweza kupata alama nzuri kwa vipimo hivyo huku maji yake yakiharibu meno ya kizazi kizima.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi mbili zinakutana kwenye mfereji. Kiwango cha floraidi hutofautiana kutoka kisima kimoja hadi kingine, kwa hivyo wastani wa jiji zima haumsaidii mzazi wa Lanet wala wa Langa Langa. Anachohitaji ni takwimu za chanzo kinachomhudumia yeye.

Serikali ya kaunti na kampuni ya maji zianze kwa kuchapisha takwimu hizo kila baada ya miezi mitatu, chanzo kwa chanzo. Visima vya shule na vya wenye nyumba za kupangisha vipimwe, na matokeo yabandikwe mahali wapangaji na wazazi watayaona. Maji machache ya mito yaliyopo yafikishwe kwanza katika shule za chekechea na za msingi, kwa kuwa huko ndiko waliko ambao madhara hayo yangali yanaweza kuzuiwa. WASREB nayo iongeze floraidi katika vipimo vyake kwa kaunti za Bonde la Ufa.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji mkopo wa kigeni. Mzazi akijua kilichomo majini, atajua mtoto anywe yapi na yapi yaachiwe kufulia.