Kutofungamana Hulindwa Shambani na Darasani

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Katika siasa za dunia msiba wa nchi ndogo ni mkubwa kuliko ule wa nyasi, kwa maana nyasi haziulizwi ziko upande wa fahali yupi. Nchi ndogo huulizwa, tena huku mwenye kuuliza akiwa na mkopo katika mkono mmoja na fimbo katika mkono wa pili.

Tanzania iliulizwa swali hilo mapema. Muungano ulipozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar ilikuwa tayari imeitambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi nayo, kwa kufuata kanuni iliyopewa jina la Hallstein, ilihesabu utambuzi wa namna hiyo kuwa ni kitendo cha uadui. Serikali ya Muungano ilitafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa kikamilifu. Bonn haikuridhika. Mwanzoni mwa 1965 ilikatisha msaada wake wa kijeshi na kuwaondoa wakufunzi wa wanahewa. Mwalimu Julius Nyerere alijibu kwa kuitaka iondoe pia misaada yake mingine ya kiserikali. Kazi ya kuwafunza wanahewa ikachukuliwa na Kanada, ambayo nayo ni mwanachama wa NATO. Ni dhahiri basi kwamba Tanzania haikuwa imekataa kambi ya Magharibi. Ilichokataa ni sharti.

Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, kama mawaziri wa OAU walivyoazimia mjini Addis Ababa. Nchi nyingi zilizolikubali azimio hilo hazikulitekeleza. Tanzania ililitekeleza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kutofungamana, kwa hiyo, hakukuwa na maana ya kunyamaza, wala hakukupatikana bure.

Miaka 57 baadaye swali lilirudi. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 zililaani uvamizi huo, 5 zilipinga azimio, na 35 zilijizuia kupiga kura. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 35, ilhali Kenya iliunga mkono azimio. Wapo waliouliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo nchi iliyovuka mpaka mwaka 1979 baada ya kumwondoa mvamizi Kagera ingeweza kukaa kando mpaka wa mwingine ulipovunjwa. Swali hilo lisipuuzwe. Nchi inayokaa kando ina wajibu wa kuonyesha kwamba inafanya hivyo kwa akili yake yenyewe, si kwa woga wala kwa kununuliwa.

Hapo ndipo habari inapofika Chanji, mjini Sumbawanga. Mkulima wa mahindi wa Ufipa hakuwa na neno lolote katika ugomvi wa Moscow na Kiev. Hata hivyo mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 100,000, na dizeli ya lori linalouleta ikapanda pia. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya ruzuku ya mbolea, iliyoushusha mfuko wa DAP hadi shilingi 70,000. Fedha hizo zingeweza kujenga madarasa na zahanati. Hiyo ndiyo kodi ambayo nchi isiyopigana hulipa kwa vita vya wengine.

Sambamba na bei zilikuja hadithi. Julai 2022 Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Sergei Lavrov, alitembelea Misri, Kongo-Brazzaville, Uganda na Ethiopia akisema kwamba vikwazo vya Magharibi ndivyo vilivyoleta uhaba. Wiki hiyo hiyo Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alikuwa Kamerun, Benin na Guinea-Bissau akiitupia Urusi lawama. Mapema Agosti mjumbe wa Marekani, Linda Thomas-Greenfield, alikuwa Kampala akieleza kwamba nchi za Afrika zilikuwa huru kununua mbolea na ngano ya Urusi, lakini si bidhaa zilizowekewa vikwazo.

Kila mmoja alisema nusu ya ukweli iliyomfaa. Ni kweli kwamba Marekani haikuiwekea mbolea vikwazo. Ni kweli vilevile kwamba benki na makampuni ya bima ya meli yalisita kugusa mzigo wowote wa Urusi. Ni kweli kwamba bandari za Ukraine zilifungwa na vita. Lakini bei ya mbolea ilianza kupaa mwaka 2021, kabla risasi haijalia, kwa sababu ya gesi kupanda bei na China kuzuia mbolea yake isitoke nje. Ukweli huo haukuwa na mpiga debe, kwa kuwa haukumfaa yeyote. Wakati huo Ulaya ilikuwa imezifunga RT na Sputnik, na Urusi imeifunga ofisi ya Deutsche Welle. Vita vya maneno havina mtazamaji.

Asiyejua kupima maneno aweza kupoteza zaidi ya fedha. Kijana mmoja Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, aliahidiwa kuachiliwa iwapo angejiunga na kundi la Wagner. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022. Nchi yake haikuwa vitani.

Somo la yote haya liko machoni pa kila anayesafiri kwenda Rukwa. Tunduma inapitiwa na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba baada ya nchi za Magharibi kukataa kuijenga. Kutoka hapo barabara ya lami inayokwenda Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za MCC ya Marekani, shirika ambalo Machi 2016 lilisitisha ushirikiano wake na Tanzania. Vihenge vya NFRA vya Sumbawanga, vilivyozinduliwa Julai 2024, vilijengwa kwa mkopo wa Poland, rafiki mkubwa wa Ukraine. Wafadhili watatu wasio wa kambi moja wamelihudumia gunia moja la mahindi. Huko ndiko kutofungamana kunakozaa matunda.

Lakini matunda hayo hayajilindi yenyewe. Afisa anayechelewesha kuandikisha wakulima wa ruzuku, au anayefumba macho mfuko wa mbolea ukivushwa mpaka, anaiuza sauti ya Taifa kwa bei ya mfuko huo. Mhasibu anayeuchezea mkopo anampa mkopeshaji fimbo. Fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, ikitumiwa ipasavyo, itapunguza idadi ya wanaoweza kuitisha nchi kwa kufunga bandari zao. Mwalimu naye, anapomfundisha mwanafunzi kuuliza ni nani asemaye, anataka nini, na ameacha nini, anajenga ulinzi ambao hakuna balozi awezaye kuujenga.

Vita vingine vitakuja, na swali litaulizwa tena. Ghala tupu halijibu swali, huomba. Hapana budi ghala lijae, hesabu ziwe safi na vichwa viwe macho, ili Tanzania itakapoulizwa iweze kusema ndiyo, hapana, au ngoja kwanza, kwa hiari yake.